Ukipandisha usukani wa pikipiki, pima nyaya usukani ukiwa umekunjwa

Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea Boxer yake akiwa bado na hofu usoni. Ni mrefu, na usukani wa kiwandani ulikuwa unamwinamisha siku nzima hadi mgongo ukawa haumpi usingizi. Fundi mwingine akamfungia usukani wa juu, ule wenye bomba la kukatiza katikati, na nyaya za mafuta, klachi na breki akaziacha zile zile kwa sababu "zilifika". Barabarani kila kitu kilikuwa sawa. Jioni, akigeuza kwenye uchochoro akiwa na abiria, alikunja usukani kushoto hadi mwisho, injini ikaongeza kasi yenyewe na pikipiki ikaruka mbele mpaka ukutani. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Niliwasha injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma polepole yenyewe, nikakunja usukani polepole bila kugusa mafuta. Upande wa kulia, mlio haukubadilika. Kushoto, ukaanza kupanda taratibu, na kadiri nilivyokunja ndivyo ulivyozidi. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi. Usukani ulipogeuka, uliuvuta waya kama vile mkono wa dereva unavyouvuta.

Kufika si kipimo. Waya unaweza kufika tairi likiwa limenyooka, kisha ukakuangusha kwenye kona ya kwanza kali. Mimi hupima mara tatu: usukani umenyooka, umekunjwa kulia hadi ugote, umekunjwa kushoto hadi ugote. Kipimo kirefu kuliko vyote ndicho ninachokifuata.

Sipimi kwa futi ya chuma, kwa sababu waya haupiti njia iliyonyooka. Nachukua uzi mnene, nafunga ncha moja kwenye leva, naupitisha kule kule waya utakakopita: mbele ya shingo ya usukani, chini ya tangi, hadi kwenye kabureta au kwenye mkono wa klachi pale kwenye injini. Nakunja usukani huku na huku nikiuangalia, natia alama, ndipo naulaza uzi kwenye futi. Boxer ya yule kijana usukani ulipanda sentimita 10 na vishikio vikarudi nyuma sentimita 5. Ukijumlisha unapata 15, lakini uzi ulinipa nyongeza ya 13. Ndiyo maana ile hesabu ya kujumlisha kimo na kurudi nyuma naitumia kukadiria tu kabla ya kwenda dukani. Kinachoamua ni uzi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata mafundi wazoefu wanalikosea. Waya wa klachi ni vitu viwili: ganda la nje na waya wa ndani. Kazi yote inafanywa na tofauti kati ya urefu wa hivyo viwili, yaani ile sehemu ya waya wa ndani inayobaki wazi ukilisukuma ganda lote upande mmoja. Chukua waya wako wa zamani, sukuma ganda mpaka ligote kwenye kichwa kimoja, pima sehemu iliyo wazi upande wa pili. Tuseme ni sentimita 11. Waya mpya, hata ukiwa mrefu kiasi gani, lazima ubaki na 11 hizo hizo. Ganda likiongezeka 13, waya wa ndani nao uongezeke 13. Ukiongeza ganda 13 na waya wa ndani 10, umeshaivuta klachi sentimita 3 kabla dereva hajagusa leva, na kama waya ukikubali hata kufungwa, pleti za klachi zitateleza, zitanuka, na ndani ya siku chache zitakuwa zimeungua. Kosa la kinyume chake linakupa leva inayolegea hadi kwenye kishikio bila klachi kuachia.

Nati ya kurekebishia haiwezi kutibu kosa la namna hiyo. Imewekwa kwa ajili ya milimita chache za uchakavu. Ukiona umeifungua hadi mwisho ndipo klachi ikubali, jua waya si wake.

Kwa hiyo ukienda dukani kutafuta waya wa pikipiki kubwa zaidi, nenda na wa zamani mkononi. Usiridhike kwa kuilaza miwili ubavu kwa ubavu na kuona mmoja umezidi. Pima ile sehemu ya wazi kwa yote miwili. Kisha angalia vichwa: kile cha upande wa leva kiingie kwenye tundu lake na kizunguke bila kukwama, maana kisipozunguka waya unajikunja pale pale kila unaposhika klachi, na nyuzi zinaanza kukatika moja moja.

Ukikosa, waya unaweza kutengenezwa. Mtengenezaji mzuri hutanua nyuzi za waya ndani ya kichwa kama ufagio, kisha hujaza risasi iliyoyeyuka, ili kichwa kishikwe na zile nyuzi zilizotanuka. Kile kichwa cha kubana kwa skrubu kitakufikisha nyumbani ukikwama porini. Kwenye breki sikikubali hata siku moja. Wala sikubali waya wa breki ya baiskeli kwenye breki ya pikipiki.

Urefu wa kupindukia nao una madhara yake. Waya uliozidi hujikunja kitanzi mbele ya taa, hunasa kwenye stopa ya usukani, au huegemea bomba la moshi na kuyeyuka. Na kila kona kali ya ganda huongeza msuguano, leva ikawa nzito mkononi. Nataka mikunjo mipana, na nyaya zifungwe kwa kulegea ili ziweze kuteleza usukani unapogeuka. Nyaya za umeme za swichi usizisahau: zikivutwa, taa ya breki au honi ndiyo ya kwanza kukata.

Breki ya diski ni habari nyingine. Hapo unapima mpira wa breki, yaani bomba linalopeleka mafuta ya breki, na kipimo chake kina hatua moja zaidi: inua tairi la mbele kutoka ardhini ili shokapu zifunguke hadi mwisho, ndipo ukunje usukani kila upande. Pikipiki ikiruka tuta, shokapu hufunguka hivyo hivyo, na mpira uliotosha gereji utavutwa barabarani. Halafu bonyeza shokapu chini uone kama mpira haugusi tairi.

Mpira wa breki hauungwi. Nimewahi kuuona umekatwa, ukaingizwa kibomba katikati na kubanwa kwa klipu za mpira wa maji. Ukikamata breki kwa nguvu, presha ndani ya mpira ule ni kubwa kuliko klipu yoyote ya aina hiyo inavyoweza kustahimili. Nunua mpira mzima wenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine. Ule wenye wavu wa chuma hautanuki kama wa raba, kwa hiyo urefu ukiongezeka leva inabaki ngumu. Washa za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa kichwa cha mpira, na meno ya boliti yawe sawa na ya ile ya zamani.

Baada ya hapo toa hewa kwenye breki. Geuza masta silinda, ile pampu ya breki yenye kikopo cha mafuta pale kwenye usukani, ikae sawa, maana usukani mpya mara nyingi huilaza na ikavuta hewa badala ya mafuta. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni. Leva ikiendelea kubonyea kama sifongo, ifunge kwenye kishikio kwa kamba ya mpira usiku kucha. Asubuhi vipovu vidogo vitakuwa vimepanda juu, na ukipampu mara chache utaviona vikitokea kwenye kikopo.

Yule kijana nilimwambia arudi baada ya wiki, kwa sababu waya mpya hukaa vizuri kwenye ganda lake na klachi hulegea kidogo. Alirudi. Nilirekebisha nati robo mzunguko, nikawasha injini, nikamwachia mwenyewe akunje usukani kushoto hadi mwisho. Mlio haukubadilika.