Tafsiri za Kiingereza cha kale: anza na mwaka wa andiko

Malalamiko kutoka kwa wahariri wa vitabu vya dini na fasihi kuhusu tafsiri za Kiingereza cha kale yameongezeka, na tumeona ni vyema dawati letu la uhakiki lieleze jambo moja kwa kirefu. Makosa mengi tunayoyakuta hayatokani na maneno mageni. Mfasiri akikutana na "wist" au "poesy" hushtuka akafungua kamusi. Anakonaswa ni kwenye maneno anayodhani anayajua.

Mfano ni Luka 2:46. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema mtoto Yesu alikuwa ameketi katikati ya "doctors", na kuna tafsiri zinazomweka kati ya madaktari. Hao ni walimu wa torati, kama Gamalieli wa Matendo 5:34. "Lawyer" wa Luka 10:25 naye si wakili wa kutetea kesi, ni mjuzi wa sheria ya Musa. Kichwa cha Ufunuo kinamtaja "John the Divine", basi watu wanaandika "Yohana wa Kimungu". Hapana. "Divine" likiwa nomino lilimaanisha mwanatheolojia, na hakuna aliyempa Yohana uungu.

Katika rejista za ndoa za Uingereza, anayeitwa "clerk" mara nyingi ni kasisi. Hadi leo sheria ya huko humtambua kasisi wa Kanisa la Anglikana kwa jina la "clerk in holy orders". Kabla ya kuandika "karani", angalia kama mtu huyo ndiye aliyefungisha ndoa.

Kwenye ushairi, "numbers" ni mashairi yenye mizani. Ukiandika "namba" umeua ubeti mzima. "Posy", kabla ya kuwa shada la maua, ilikuwa maneno machache ya kishairi yaliyochongwa kwenye pete. Vitenzi ni hatari zaidi kwa sababu vingine vimegeuka kabisa: "prevent" katika 1 Wathesalonike 4:15 ni kutangulia, na "let" katika 2 Wathesalonike 2:7 ni kuzuia. "Conversation" ya 1 Petro 3:1 ni mwenendo, wala hakuna mazungumzo pale.

Dhana kwamba "thou" ni neno la heshima ya pekee kwa Mungu tumeikanusha mara nyingi, na tunaikanusha tena. Katika Mathayo 4:10 Shetani anafukuzwa kwa "thee", ambayo ni "thou" ile ile ikiwa mtendwa. Ni umoja tu, na "ye" (au "you" ikiwa mtendwa) ni wingi. Tofauti hii Kiswahili kinaibeba bila taabu, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuipoteza. Katika Luka 22:31-32 Shetani amewataka "you", yaani ninyi nyote, lakini Yesu amemwombea "thee", yaani Simoni peke yake. Anayeandika "wewe" mara zote mbili amewaondoa wanafunzi wengine katika onyo hilo. Na kwa wanaotunga kadi za harusi kwa Kiingereza cha kale: kiishio "-eth" ni cha nafsi ya tatu umoja. "We inviteth" halikuwahi kuwa sahihi.

Utaratibu ni huu. Kwanza tafuta mwaka wa andiko, na mwaka wa toleo ulilonalo mkononi. Biblia ya King James inayouzwa leo kwa kawaida hufuata tahajia ya toleo la Oxford la 1769, si ya 1611. Pili, fungua kamusi inayopanga maana kwa historia na kuweka tarehe kwenye mifano, yaani ile kubwa ya Oxford. Kamusi ndogo za wanafunzi hutanguliza maana ya leo, na ndipo "doctor" anapogeuka kuwa tabibu. Ukiikosa hiyo ya Oxford, kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 itakufaa kwa maandiko mengi ya karne ya 17 na ya 18. Tatu, kwa Biblia, linganisha na Union Version ya Kiswahili. Ikipingana na tafsiri yako, usiendelee mpaka ujue sababu.

Kazi inayoletwa kwetu iambatane na nakala ya kila ukurasa wa asili, ukurasa wa jina la kitabu wenye mwaka, na orodha ya maneno ya kale pamoja na maana uliyochagua na kamusi uliyoitumia. Ikikosa kimojawapo hurudishwa bila kusomwa, nayo ikiletwa tena huanza foleni upya. Ikirudishwa mara ya pili kwa kosa lile lile, mfasiri atatafuta mhakiki wa pili kwa gharama yake. Ada iliyolipwa hairejeshwi. Orodha iliyonakiliwa kutoka programu ya kutafsiri ya simu haipokelewi, kwa kuwa haionyeshi mwaka wa maana yoyote.