Je, Wajua? Kwa Nini Sadaka ya "Meat" Haina Nyama

Fungua Walawi sura ya 2 katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, utakuta agizo la "meat offering". Kwa Kiingereza cha leo hiyo ni sadaka ya nyama. Lakini vinavyotajwa ni unga, mafuta na ubani. Hakuna mbuzi, hakuna hata njiwa. Biblia ya Kiswahili inaiita sadaka ya unga.

Wazo linalokuja upesi ni kwamba mpiga chapa alikosea herufi moja, akaweka "meat" badala ya "meal", yaani unga. Linavutia, hasa kwa kuwa marekebisho ya 1885 yaliweka "meal offering" palepale. Ila halisimami. Katika Mwanzo 1:29 watu wanapewa mimea yenye mbegu na matunda viwe "meat" yao. Katika Mathayo 3:4, "meat" ya Yohana Mbatizaji ni nzige na asali ya mwitu. Nzige tunaweza kubishana, asali je?

Wafasiri hawakukosea. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa chakula chochote, na nyama ilikuwa na jina lake, "flesh". Waswidi hadi leo chakula wanakiita "mat".

Maana ya nyama ilianza kuonekana kama mwaka 1300, kwa hiyo maana mbili ziliishi pamoja kwa karne kadhaa. Hilo si ajabu. Tanzania ukiuliza, "Leo mboga gani?" ukajibiwa, "Samaki," hakuna anayeshtuka, kwa sababu hapo mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Sokoni, mboga ni mchicha na matembele. Sasa tuseme neno "kitoweo" linyakue ile kazi pana yote: mboga itabaki na majani yake. "Food" iliifanyia "meat" vivyo hivyo, ingawa lipi lilimsukuma mwenzake si rahisi kupambanua. Maana ya zamani imejificha katika "sweetmeat", ambayo ni vitu vitamu kama halua.

"Deer" nalo, ambalo leo ni ayala, lilikuwa mnyama yeyote. Katika King Lear ya Shakespeare, iliyochapwa 1608, Edgar anayejifanya mwendawazimu anasema amekula panya na "deer" wadogo wa aina hiyo kwa miaka saba. Na mlo huo anauita "food".