Kwa nini mashindano ya gofu ya Greenbrier yalidumu miaka 10 tu?

Greenbrier ni hoteli kubwa ya mapumziko kwenye milima ya West Virginia, Marekani, katika mji wa White Sulphur Springs ambao wakazi wake hawafiki 3,000. Wageni walianza kufuata maji ya chemchemi yake tangu karne ya 18. Uwanja wake wa gofu, Old White, ulifunguliwa mwaka 1914.

Mwaka 2009 hoteli hiyo ilikuwa imefilisika, ndipo Jim Justice, tajiri wa makaa ya mawe, akainunua. Mwaka uliofuata tu, wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu Marekani, walikuwa wanashindana hapo. Haraka ya nini? Matangazo. Shabiki wa soka hawezi kukodi uwanja wa fainali akacheze na rafiki zake, lakini anayetazama gofu kwenye runinga kwa siku nne anaweza kulipia chumba na kupiga mpira kwenye nyasi zilezile. Kwa hoteli iliyotoka kufilisika, sioni tangazo bora kuliko hilo.

Tena bahati ilikuwa upande wao. Mwaka huo wa kwanza, 2010, Stuart Appleby wa Australia alimaliza raundi ya mwisho kwa mikwaju 59 na kutwaa ubingwa, idadi ndogo ambayo wachezaji wachache mno wamewahi kuifikia (kwenye gofu, mikwaju michache ndiyo ushindi).

Tatizo lilikuwa kwenye pesa. Kwa kawaida mashindano ya PGA Tour hubebwa na kampuni kubwa, benki au bima kwa mfano, ambayo haiuzi vyumba wala haitegemei hali ya hewa ya mji mmoja. Hapa mwenyeji na mdhamini walikuwa mtu mmoja. Justice alitoa kwa moyo mkunjufu, hilo lazima tumpe. Aliahidi kwamba mchezaji akitumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja kwenye shimo la 18, ambalo ndilo la mwisho, mashabiki waliokaa kwenye jukwaa la hapo watapewa fedha. Mwaka 2015 wachezaji wawili, George McNeill na Justin Thomas, waliweza siku hiyohiyo! Watu wakagawiwa dola 100 kila mmoja, kisha 500. Kampuni zilizoikatia bima ahadi hiyo zikakataa kulipa: mkataba ulidai mpira upigwe kutoka mbali zaidi, na siku hiyo shimo lilikuwa umbali wa yadi 137 tu.

Juni 2016 mafuriko makubwa yaliikumba West Virginia, yakaua watu 23 na kuharibu uwanja. Mashindano ya mwaka huo yalifutwa, na hoteli ikawapokea waliopoteza nyumba zao.

Yalirudi 2017, lakini ratiba nayo ikayaumiza. Mwaka 2019 yalihamishwa kutoka Julai hadi Septemba, wakati ambao nyota wengi hupumzika baada ya msimu mrefu. Joaquin Niemann wa Chile alishinda, na ndiye aliyekuwa bingwa wa mwisho. Aprili 2020 hoteli na PGA Tour zilikubaliana kuvunja mkataba, ingawa ulikuwa na miaka kadhaa mbele yake.

Old White yenyewe haikufa. Mwaka 2023 ligi ya LIV Golf ilicheza hapo, na Bryson DeChambeau akashinda kwa kumaliza raundi ya mwisho na mikwaju 58.