Kwa nini nyumba ya bawabu ina uso wa hekalu na mkia wa jikoni?

Kwenye mageti ya majumba ya zamani ya mabwanyenye huko England, Scotland na Ireland, mara nyingi utakuta kijumba kisicho na ghorofa, vyumba viwili tu, lakini mbele kina nguzo na pembetatu ya mawe kama hekalu la Kigiriki. Zunguka nyuma: jiko la matofali, choo, paa bapa la lami. Imekuwaje?

Ndani aliishi bawabu, aliyefungua geti kila gari la farasi lilipofika. Uso, hata hivyo, ulijengwa kwa ajili ya mgeni. Mtindo wa Kigiriki ulipata nguvu baada ya James Stuart na Nicholas Revett kuanza kuchapisha vipimo vya majengo ya Athens mwaka 1762, na katika miaka ya 1820 Decimus Burton aliujenga kwenye mageti ya Hyde Park, London.

Shida ya bawabu inaanzia kwenye nguzo. Nguzo ya Kitoskani, aina sahili isiyo na nakshi, kwa kanuni, kimo chake ni mara 7 ya upana wake wa chini. Yenye sentimita 40 inasimama mita 2.8. Paa, dirisha na mlango vyote vinafuata kimo hicho. Mlango ukae katikati na madirisha yalingane pande zote mbili; pasipohitaji dirisha, mwashi anachonga dirisha kipofu, yaani umbo la dirisha lisilo na uwazi. Wengi husingizia kodi ya madirisha iliyofutwa 1851, lakini hapa sababu mara nyingi ni ulinganifu tu. Palipojengwa vijumba pacha, jikoni liliweza kuwa upande mmoja wa njia na kitanda upande wa pili, bawabu akivuka mvuani kwenda kulala!

Watoto wakazaliwa, maji ya bomba yakafika, na mashamba yalipogawanywa karne ya 20 vijumba vikauzwa. Uso haukuguswa, kwa hiyo kila nyongeza ilikwenda nyuma.

Kuisoma historia hiyo, tafuta mshono wima ukutani: mawe ya pande mbili hayakufumana, yamegusana tu. Ufa huanzia hapo. Ukuta wa zamani una msingi mfupi na chokaa laini inayostahimili kusogea kidogo. Nyongeza ina zege na saruji, hivyo kila upande unatitia kwa kiasi chake. Kuuziba ufa huo kwa saruji ni kosa. Saruji hainywi maji, unyevu unatoka kupitia jiwe lenyewe, na jiwe la mchanga linamenyuka. Waashi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huo kwenye kuta za matumbawe.

Mahali pa pili pa kuangalia ni pale paa jipya linapokutana na ukuta. Bati la risasi, ile metali laini, lipande ukutani angalau milimita 150, na urefu wa kila kipande usizidi mita 1.5. Risasi hutanuka juani; kipande kirefu hupasuka katikati, maji yakaingia kimya kimya hadi dari ianze kuweka madoa. Mfereji uliojificha nyuma ya ukingo wa paa nao husafishwa kila vuli, majani yakishaanguka. Ukiziba, maji hufurikia ndani, juu ya vichwa vya boriti, na huko ndiko mbao huanza kuoza.