Elektroniki si stima

Wiki iliyopita mzazi mwenzangu wa Changamwe, hapa Mombasa, alinieleza kwa furaha kwamba kijana wake amepata nafasi katika chuo cha ufundi, anakwenda kusomea "dizeli na mambo ya stima". Barua ya chuo niliisoma mwenyewe, nayo ilisema ufundi wa injini za dizeli na elektroniki. Kosa hilo la kuiita elektroniki stima, yaani umeme wa kawaida, nimelisikia kwa wazazi, kwa madereva wa malori ya bandari ya Kilindini na, jambo linaloniuma zaidi, kwa vijana wenyewe wanaoisoma kozi hiyo, na ndiyo maana nimeona nilieleze.

Elektroniki ni taaluma ya kutumia mikondo midogo ya umeme kubebea taarifa na kutolea amri, kwa vifaa kama vile transista, ambayo ni kama swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme wenyewe. Umeme wa kawaida wa gari kazi yake ni nguvu: kuzungusha stata, kuwasha taa, kuchaji betri. Ama dizeli, ni injini inayoibana hewa mpaka ikapata moto wa kuyawasha mafuta bila cheche ya plagi.

Maneno yenyewe yana historia inayofaa kujulikana. Stima lilikuwa jina la mvuke na la meli zilizoendeshwa kwa mvuke, nasi tukalihamishia kwenye nguvu inayowasha balbu. Umeme, kwa wazee wetu, ulikuwa ule mwanga unaopasua mawingu kabla ya radi, na hata leo mvua ikija tunausema hivyo hivyo. Elektroniki limetoka mbali zaidi, kwenye neno la Kigiriki elektron, ambalo maana yake ni kaharabu, yaani ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka mgumu kama jiwe. Marehemu babu yangu, Mji wa Kale, alikuwa na tasbihi ya kaharabu, na tulipokuwa wadogo alikuwa akiisugua punje moja kwenye kanzu yake kisha akaisogeza karibu na nyuzi za pamba, nazo zikarukia punje na kuishikilia. Wagiriki waliliona jambo hilo, na Waajemi pia, kwani kaharabu kwa asili ni neno lao lenye maana ya kipokonya-makapi, na Waarabu mpaka leo wanauita umeme kahrabaa. Kwa hiyo sisi tuliochukua kaharabu kwa shanga na umeme kwa mawingu tulikuwa na pande zote mbili za jambo hili mikononi bila kuziunganisha.

Mwaka 1897 Rudolf Diesel alifaulu kuijaribu injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, na mwaka huo huo J. J. Thomson, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akatangaza ugunduzi wa chembe ambayo leo tunaiita elektroni. Transista ilisubiri hadi 1947, na kwa kuwa wengi wetu tuliijua kwanza ndani ya redio, ndipo elektroniki ikadhaniwa kuwa ni ufundi wa redio tu.

Dizeli na elektroniki zilizaliwa pamoja, lakini zilikaa miaka mingi bila kukutana. Lori la zamani lenye pampu ya kawaida, likishawaka, lilikuwa halina haja kubwa na umeme; betri ingekufa njiani, Mariakani au Voi, na injini ingeendelea kunguruma. Makanika wa dizeli alishika spana, na mambo ya nyaya akamwachia fundi waya. Mgawanyo huo ulikuwa sahihi kwa injini ile. Injini za siku hizi zina bomba moja linalozigawia nozo zote, yaani vipulizia mafuta, mafuta kwa shinikizo linalopita baa 1,000 (baa ni kipimo cha shinikizo), ilhali gurudumu la lori hujazwa baa 8 hivi, na kila nozo hufunguliwa kwa sehemu chache za elfu za sekunde kwa amri ya kompyuta, ambayo nayo inategemea habari za sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima hali ya injini. Hapo makanika hawezi tena kumwachia mwenzake nyaya, kwa sababu mafuta yenyewe yanaendeshwa na elektroniki.

Tofauti hii inaonekana wazi kwenye waya. Sensa ya shinikizo huwa na nyaya tatu: mmoja wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja wa athi, yaani wa upande hasi, na wa tatu wa kurudisha ishara. Katika gereji moja nilimwona fundi, mtu mwenye bidii na uzoefu wa miaka, akiuchoma waya wa ishara kwa balbu ya kupimia, ile ile anayopimia taa za lori la volti 24. Balbu hunyonya mkondo mkubwa kuliko ule ambao saketi hiyo imeundwa kuubeba. Taa ya onyo la injini kwenye dashibodi haikuzimika, na kompyuta ilipopimwa ikaonekana imeungua. Kilichohitajika ni mita, ambayo inasoma volti karibu bila kunyonya chochote. Hakuna aliyemfundisha, kwani kwake yeye yote yalikuwa stima.

Mzazi mwenzangu nimemwambia kwa upole kwamba hakukosea kufurahi, ila aseme "dizeli na elektroniki", na kijana akienda kununua vifaa vya masomo, asiiache mita.