Nicholas Brothers "bila mazoezi": jamani tuache hii

Imerudi tena. Ile klipu ya kaka wawili weusi, makoti yenye mkia, tai nyeupe, wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana kichwani na kila ngazi mmoja anatua msamba, halafu anainuka kama hakuna kilichotokea. Chini yake kapsheni ile ile: 1943, teki moja, HAWAKUFANYA MAZOEZI, kipaji cha kuzaliwa, moto moto moto. Nimetumiwa na mzazi wa mwanafunzi, nimetumiwa na shemeji yangu ambaye hata kwenye harusi yake mwenyewe alikataa kucheza, nikanyamaza. Ila wiki hii mwanafunzi mmoja kanionyesha kwenye simu akaniuliza, mwalimu, sasa sisi kwa nini tunapasha misuli mda wote huo wakati hawa walipanda tu wakafanya?

Haya. Tukae tuongee.

Kwanza hadithi yenyewe haijatungwa na watu wa TikTok. Imetoka kwa Fayard Nicholas mwenyewe, kaka mkubwa, aliisimulia miaka na miaka: kwamba Nick Castle, mwalimu wa dansi waliyekuwa wanafanya naye kazi pale Fox, studio ya filamu ya Hollywood, aliwaambia msiirudie rudie hii namba (yaani hiki kipande cha dansi), ingieni tu mfanye, na wakafanya mara moja ikawa imetoka. Filamu ni Stormy Weather. Mimi Fayard namheshimu sana na sina sababu ya kumuita muongo, ila nikiri nikiitazama ile klipu naona mikato, kamera inabadilika sehemu, kwa hiyo hiyo "teki moja" naichukua na chumvi kidogo, labda ni ile sehemu ya ngazi peke yake, labda ni mzee anasimulia utamu wa ujana wake, wote tunao babu wa hivyo. Lakini hata tukikubali kila neno, alichosema ni kwamba siku ile hawakupitia ile namba kutoka juu mpaka chini kabla kamera haijawashwa. Hakusema mwili haukuwa na mazoezi, mbona hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na ukivichanganya unaumiza watoto wa watu.

Hebu hesabu. Mwaka 1943 Fayard alikuwa na miaka 28, Harold mdogo wake 22. Kwenye ile klipu bendi ni ya Cab Calloway, na hawa kaka walianza kucheza Cotton Club, klabu ya Harlem, New York, mwaka 1932, Harold akiwa mtoto wa miaka 11, na mmoja wa watu waliokuwa wanawapigia pale ni huyo huyo Calloway. Miaka kumi na moja! Ile bendi wanajua inapumulia wapi. Ngoma ikikata wanajua itakata. Hapo katikati wameshapita Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, wamefanya kazi na mtunga dansi Balanchine kwenye igizo la muziki Babes in Arms mwaka 1937, wameshacheza filamu kadhaa Fox, kila usiku klabu, kila wiki steji nyingine. Halafu mtu anaandika "bila mazoezi". Ni sawa na kusema mama yako amepika pilau bila mazoezi kwa sababu hakufungua kitabu.

Kitu kimoja nyuma ya hicho "kipaji cha kuzaliwa" kina ukweli, nao ni kwamba hawakwenda shule ya dansi. Wazazi wao, Ulysses na Viola, walikuwa wanamuziki, walikuwa na bendi yao Standard Theatre kule Philadelphia, na Fayard akiwa mtoto alikuwa anakaa mule ukumbini anatazama kila msanii mweusi mkubwa aliyepita, shoo kwa shoo, kisha anarudi nyumbani kujifundisha. Halafu akamfundisha dada yao Dorothy, wakaja kumuunga Harold, walianza wakiwa watatu. Sasa mtu akiniambia huyo hakusoma, mimi naona alisoma kuliko wengi wenye vyeti, maana mwalimu wake alikuwa steji nzima ya vodevili (shoo za mchanganyiko, muziki, dansi na vichekesho) na alikuwa anaingia bure. Baba yao aliwasisitizia wasiige wenzao, na wasitazame miguu, watazame watu. Hilo la kutotazama miguu naomba lichorwe ukutani kwenye kila studio.

Halafu sauti. Watu wanadhani ile kraka-kraka ya viatu ilirekodiwa pale pale sakafuni. Kawaida ya studio za wakati ule muziki unarekodiwa kwanza, wachezaji wanacheza juu ya rekodi, tapu, yaani ile migongo ya viatu inayoipa dansi hii jina, zinaingizwa baadaye kwenye chumba cha sauti, mchezaji anasimama kwenye ubao anaangalia picha yake anazigonga upya zilingane. Kuzigonga upya! Kila hatua, kila shafli, kila flapu. Mtu asiye na mazoezi atarudia vipi kitu alichokifanya kwa bahati? Nalipita hili haraka lakini lifikirie.

Sasa tuje kwenye kinachonikera hasa, msamba.

Kushuka msamba si kazi. Uzito wako unakusaidia, ukiwa laini unashuka, mtoto wa miaka minane anashuka. Kazi ni kupanda bila mikono. Wacheza tapu wengi wa enzi ile walikuwa wanapiga msamba, ilikuwa kawaida kwenye shoo, wengi wanashuka halafu wanaweka mkono chini wanajisukuma juu. Hawa kaka mikono haigusi. Ukitaka kuelewa wanafanyaje punguza spidi ya klipu uangalie kiuno, usiangalie miguu. Kwanza hawaangukii chini kabisa na uzito wote, wanafunga breki kwa mapaja kabla hawajafika, kwa hiyo pale chini misuli iko kazini tayari, haijalala. Pili kifua kiko juu ya nyonga mda wote. Kifua kikianguka mbele hata sentimita chache umekwisha, utakaa hapo mpaka uletewe kiti. Tatu wanabana, misuli ya ndani ya mapaja inavuta miguu ikutane na kisigino cha mbele kinakokota sakafu kurudi, na mikono inafunguka juu kwa wakati ule ule, hiyo mikono sio mapambo, inabeba mwili. Na yote hayo yanaanza mda ule ule wanaotua, hakuna kupumzika chini, ukipumzika ile nguvu ya kudunda imepotea na utainuka kwa maumivu.

Na viatu! Hakuna anayesema hili. Wamevaa viatu vya ngozi vina chuma chini, sakafu imeng'arishwa, vinateleza. Miguu ikivutwa inarudi. Nyie mnajaribu na raba kwenye sementi. Raba inashika, paja linavuta, kitu pekee kinachoweza kuachia hapo ni msuli wa nyuma ya paja na ukichanika utajua hujui. Nimeona vijana wanachechemea wiki kadhaa kwa sababu ya kapsheni ya mtu asiyejua kucheza. Na wale kaka walikuwa wafupi wote wawili, Harold zaidi, miguu mifupi ina safari fupi ya kurudi. Wewe mrefu kama mnazi pole yako, inawezekana ila utalipa zaidi.

Ndio maana neno "sarakasi" nalo linanichosha. Ninawaheshimu watu wa sarakasi, wamenifundisha mengi, lakini ukiwaita hawa wanasarakasi umezima sauti ya simu. Washa sauti. Wanatua kwenye pigo. Kila ngazi, anayeruka anatua pale muziki unapogonga na aliye chini ameshaanza kuinuka ili aruke yeye, kwa hiyo kuruka kumeingia kwenye mdundo kama noti, hakuna hata mara moja bendi inawasubiri. Halafu wakishafika chini tazama mikono ya Fayard. Mimi kwa kweli nikiwa peke yangu huwa namtazama Fayard, watu wote wanamtazama Harold kwa sababu Harold anaruka juu zaidi na ndiye aliyekimbia ukutani akapinduka akatua msamba kwenye Orchestra Wives mwaka 1942 (hiyo nayo eti bila mazoezi? ukuta?). Fayard ana viganja ambavyo vinamalizia sentensi. Mguu unasema kitu, kiganja kinaweka nukta. Wenyewe walikuwa wanapenda kusema wanacheza tapu ya klasiki, mwili wote kuanzia kichwani, na sio wanajisifu, ni maelezo ya kiufundi.

Swali jingine linalokuja kila mara, kama walikuwa wakali hivyo mbona hawakuwa mastaa kama Fred Astaire, yule mcheza dansi mweupe wa Hollywood, na Astaire mwenyewe inasimuliwa aliwaambia ile namba ya ngazi ndiyo bora aliyowahi kuiona kwenye filamu? Jibu fupi, rangi. Kwenye filamu nyingi walizocheza waliingia dakika chache, wanacheza, wanatoka, hawana majina wala hadithi, na namba yao imekaa peke yake makusudi ili majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yaweze kuikata bila kuharibu picha. Stormy Weather haikukatika hivyo kwa sababu ilikuwa ya watu weusi karibu wote, Lena Horne, Bill Robinson, Fats Waller. Mwaka 1948 wakacheza bega kwa bega na Gene Kelly, staa mwingine mweupe wa dansi, kwenye The Pirate, na kuna miji ya kusini ilikata kipande hicho. Kwa hiyo ukisema "kipaji cha kuzaliwa" unaongeza juu ya haya: walinyimwa nafasi, halafu leo tunawanyima na kazi waliyoifanya. Damu ina mdundo, eti. Damu haina mdundo, ina seli.

Sasa shaka yangu, maana vitabu vya dansi havisemi. Fayard alikuja kufanyiwa upasuaji wa kubadilisha nyonga uzeeni. Ni ile misamba? Watu wengi tu wanabadilishwa nyonga na hawajawahi kupiga msamba hata mmoja, na Fayard aliishi hadi 2006, miaka 91, akafundisha mpaka Harvard pamoja na mdogo wake. Lakini mimi nikiangalia mtoto wa miaka kumi na mbili ananiomba nimfundishe kutua msamba kutoka juu nasita, na walimu wenzangu nikiwauliza kila mtu ana jibu lake na kila mtu ana uhakika, jambo ambalo linanitisha zaidi. Kwa sasa msimamo wangu ni huu: kushuka taratibu na kuinuka kwa kushika ukuta ruksa, kutua kutoka hewani hapana mpaka nione mtu anainuka bila mikono mara nyingi mfululizo bila kifua kuanguka, na raba mtavua mlangoni. Kama kuna mtu wa fiziotherapia anasoma hapa na ana neno la maana kuhusu nyonga za watoto aje kwenye komenti, nitamsikiliza. Shemeji asije.