Mwenye presha na dawa za maumivu: dhana potofu na ukweli

"Dawa inayouzwa bila cheti haina madhara." Hii ndiyo iliyotuponza nyumbani. Mama humeza losatani yenye haidroklorothiazaidi, yaani dawa ya presha na ya kukojoza ndani ya kidonge kimoja, kila asubuhi, hakosi. Goti lilipomkaza akaenda duka la dawa, akarudi na diklofenaki kwenye kibahasha cha kaki: kimoja mara tatu. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine. Wiki ya pili viatu havimuingii, miguu imejaa, presha 172 kwa 98.

Ukweli ni kwamba diklofenaki, ibuprofeni na naproxeni hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochangia maumivu, na figo huzitegemea hizohizo kuweka wazi mishipa inayoziletea damu. Zikizuiwa, mwili hushikilia chumvi na maji, presha hupanda, na dawa kama losatani, enalapril na zile za kukojoza hupungua nguvu. Amlodipine, dawa nyingine ya presha, huathirika kidogo. Anayetumia losatani au enalapril pamoja na ya kukojoza, kisha akaongeza diklofenaki, figo zake zinaweza kufeli ghafla, hasa akiwa mzee au akiwa anaharisha na kutapika.

"Nikizipishanisha, hii asubuhi ile usiku, hazitakutana." Zinakutana kwenye figo.

"Basi nichome sindano, ni salama kuliko kidonge." Naisikia hii kila mara, na inanitia hofu. Sindano ya diklofenaki inaingia kwenye damu ileile, inafika kwenye figo zilezile. Ya kupaka ndiyo tofauti: inayopenya hadi kwenye damu ni kidogo sana, na ndiyo daktari aliyompa Mama baada ya kumsimamisha vidonge.

"Panado haina kikomo." Parasetamo ndiyo ya kuanzia kwa mwenye presha, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, ini huumia. Utafiti wa Edinburgh uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba kumeza kiasi hicho kila siku kwa wiki mbili kulipandisha namba ya juu ya presha kwa takriban 5. Ya kuyeyusha kwenye maji ina sodiamu nyingi, iepuke. Na soma paketi: Diclopar, kwa mfano, ni parasetamo pamoja na diklofenaki.

Aspirini ndogo ya moyo uliyoandikiwa na daktari, usiiache kwa kusoma haya.

Sasa Mama haendi duka la dawa bila paketi ya losatani mkobani. Anaiweka kaunta kabla hajataja goti.